Nzagamba Aliyenenepa kwa Kidole

Jumanne, 2 Septemba 2025

Vumbi Bariadi nzima. Programu yetu haisogei.

Inaitwa Zizi Langu. Mfugaji anapiga picha ng'ombe wake, anaiweka humo, mnunuzi anaiona akiwa amekaa kwake. Tumeiandika mara moja tu na inafanya kazi kwenye Android na kwenye aifoni pia, jambo ninalomwambia kila mtu, hata asiyeuliza. Mimi ni mkurugenzi. Jenipha, niliyesoma naye chuo Mwanza, ndiye anayeandika sehemu kubwa. Kila mtu na kipaji chake.

Tatizo ni picha. Mwezi wa tisa nyasi zimekwisha na ng'ombe wote wa Simiyu ni mbavu na macho. Mnunuzi anafungua programu, anaona mbavu, anafunga.

Nimemwambia Jenipha tuweke sehemu ya kuhariri picha. Amekubali haraka mno, nikaingiwa na shaka. Kumbe yeye anafikiria kukata kingo na kuongeza mwanga. Mimi nafikiria makubwa.

Naandika hapa, pasomwe na mimi tu, kwamba nina sababu nyingine. Mzee Mayige wa Ngulyati, baba yake mchumba wangu Felisita, anaumwa goti. Mahari yetu wazee wameshaizungumza, imebaki yeye kuwaona ng'ombe kwa macho yake, na kwetu Zagayu hawezi kufika. Amesema apelekewe picha. Ng'ombe wenyewe ni wa baba yangu, mzee Limbu. Nimewaona mwezi uliopita. Yule nzagamba mwekundu, dume ambaye baba anamtaja kwa watu kuliko anavyonitaja mimi, unaweza kuanika shati kwenye nyonga zake.

Picha kama hiyo haiwezi kwenda ukweni. Hapo ndipo teknolojia inapoingia.

Alhamisi, 4 Septemba

Kazi imekwisha. Kwenye mtandao kuna kifaa cha bure cha kupunguza mashavu ya watu wanaotaka kuonekana wembamba. Nimekigeuza kinyume. Ukivuta kitufe kwenda kulia, kilicho katikati ya picha kinapanuka. Nimekiita Nenepesha.

Jenipha amekitazama. Akauliza mnunuzi akimfuata ng'ombe huyo hadi kijijini na kumkuta kakonda, tutamwambia nini. Nikamwambia haya ni marekebisho ya lenzi tu, kamera za simu hukondesha. Akauliza nimelisoma wapi hilo. Nikasema ni jambo linalojulikana.

Tumeafikiana hivi: Nenepesha itabaki kwenye simu yangu kwa majaribio, wateja hawatapewa. Nimekubali bila ubishi. Mkwe si mteja.

Mchana nikapanda bodaboda hadi Zagayu. Baba alikuwa zizini. Nikamsalimia, mwadila baba, akaitika, akauliza kwa nini nawapiga picha ng'ombe wake. Nikasema kwa kumbukumbu. Akafurahi. Alikwenda kumfuta nzagamba tongotongo kwa pindo la shati lake ili atoke vizuri. Yangeyange, yule ndege mweupe, akatua mgongoni kwa nzagamba, baba akasema mwache naye atokee.

Sikumwambia kuhusu Nenepesha. Angeuliza maswali.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku nzima ofisini, mlango umefungwa, nanenepesha.

Nzagamba amekubali vizuri sana. Nyonga zimezama, kifua kimejaa, nundu imesimama kama gunia la pamba. Shida ndogo: fito za zizi nyuma yake nazo zimepinda, ikawa kama anausukuma ua wa zizi. Nimezikata nje ya picha.

Kisha nikatumia Futa Madoa, kifaa kingine ambacho Jenipha ametengeneza kwa ajili ya vumbi la kwenye lenzi. Nimekivuta hadi mwisho. Kimefuta matope, nzi, na yangeyange. Kwa ng'ombe wa maziwa kimefuta na chuchu moja, nikairudisha kwa kunakili ya jirani yake. Ngozi sasa inang'aa utadhani imepakwa mafuta. Hakuna kovu wala alama popote.

Nimetuma zote kwa mzee Mayige kupitia Zizi Langu. Nikamwandikia kwamba hawa ndio ng'ombe wetu wa kawaida.

Nimelala mchana kidogo. Nilistahili.

Jumamosi, 6 Septemba

Felisita amepiga asubuhi. Sauti yake ya dukani, ile anayotumia kwa wateja wanaorudisha dawa ya kuogeshea mifugo wakidai haiui kupe.

Akauliza kwa nini tumewatumia ng'ombe waliokufa.

Nikasema ng'ombe gani waliokufa. Akasema Dastan amewaona. Dastan ni kaka yake, anafanya kazi Mwanza, yuko nyumbani likizo na aifoni yake, ambayo huiweka mezani kifudifudi ili watu waone lile tunda la mgongoni. Kwenye simu ya mzee ng'ombe wamesimama. Kwenye simu ya Dastan wamelala ubavu, miguu imenyooka pembeni, na matumbo yamevimba. Dastan ametangaza mbele ya shangazi zake kwamba hizo ni dalili za kimeta, na kwamba mimi nataka kuoa kwa mizoga.

Nimekimbilia kwa Jenipha. Amecheka mpaka akaketi. Kisha akanieleza. Simu ikipiga picha huandika ndani yake alama ndogo inayosema juu ni wapi. Kifaa changu cha kunenepesha kinaitupa ile alama. Kwenye Android programu yetu huigeuza picha yenyewe inapoifungua, kwenye aifoni inaisubiri ile alama. Ndiyo maana, akasema, huwa tunajaribu kwenye simu zote mbili.

Nikasema aifoni hatuna. Akatoa yake mfukoni.

Amerekebisha kabla ya chakula cha mchana. Nimetuma picha upya. Dastan amejibu kwa kidole gumba, kimoja, bila neno. Sijui hasira yake na mimi inatoka wapi. Labda anaona wivu kwa sababu mimi ni mkurugenzi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekutana na Felisita baada ya misa. Alivaa kitenge cha kijani. Nikamwuliza mzee amezionaje picha sasa zikiwa zimesimama.

Akasema baba yake hajasema kitu. Amezitazama jana jioni, amezitazama tena leo kabla ya kanisa, akazikuza kwa vidole sehemu ya nyuma ya nzagamba, akaziba macho kwa mkono kama mtu anayefikiri. Halafu ameomba namba ya simu ya mtu fulani wa Zagayu.

Nikamwambia hiyo ni furaha. Wazee hufurahi hivyo.

Felisita akanitazama. Akauliza, "Constantine, hizo picha umezifanya nini?"

Nikasema nimeongeza mwanga.

Nimerudi nyumbani moyo mweupe. Mzee anatafuta mtu wa Zagayu bila shaka amsifie ng'ombe wetu. Sifa zikianza kusambaa kijijini, programu nayo itasambaa.

Jumanne, 9 Septemba

Jana sikuandika. Mkono haukuwa tayari.

Saa za mchana jana jirani yetu wa Zagayu alinipigia. Akasema njoo, sungusungu wako kwenu. Nikauliza wamekuja kulinda nini. Akasema wamekuja kumhoji baba yako.

Nilifika kwa bodaboda nikiwa nimefunikwa na vumbi hadi kope. Uwanjani watu wamejaa. Wale walinzi wa kijiji wamesimama na fimbo zao, kwa heshima, hakuna aliyemgusa mtu. Baba amekaa kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka, kofia magotini. Mbele yake Januarius, mkuu wao, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, ameshika simu.

Ikabainika hivi. Mzee Mayige alipozikuza zile picha aliona ng'ombe wanene mwezi wa tisa, wakati wa kwake mwenyewe wanayumba wakitembea. Hilo peke yake lingempa maswali. Lakini aliona pia kwamba hawana chapa. Ng'ombe wote wa kwetu wana chapa ya moto kwenye paja la nyuma, na hereni ya utambulisho sikioni. Kwenye picha, paja safi, sikio safi. Ng'ombe mnene asiye na chapa, katika zizi la mtu anayetaka kutoa mahari haraka. Mzee aliogopa binti yake anaolewa kwa ng'ombe wa wizi. Akampigia Januarius, anayefahamiana naye tangu zamani, amwangalizie kimyakimya.

Futa Madoa ilikuwa imefuta chapa na hereni. Iliziona ni madoa.

Januarius alikuwa ameshamwonyesha baba ile picha na kumwuliza nzagamba huyu yuko wapi. Baba, mtu ambaye hajawahi kudanganya hata mizani ya pamba, aliitazama sana. Akasema, "Zizi ni langu. Huyu ng'ombe sijawahi kumwona."

Ndipo mambo yalipoharibika. Zizi lake, ng'ombe asiyemjua. Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja wa jirani akasogea mbali kidogo na baba. Kidogo tu. Baba aliona.

Hapo mimi nikaingia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na nilikusudia kuisema, lakini mdomo ulitangulia. Nikasema huyo ni nzagamba wa rafiki yangu, alipita tu hapa. Januarius akauliza amekwenda wapi. Nikasema Maswa. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa mtu. Akauliza rafiki huyo jina lake nani. Nikatazama chini, nikatazama paa la nyumba, jina halikuja. Sungusungu wawili wakasogea, mmoja kila upande wangu.

Baba akasema, kwa upole, kwa Kisukuma, ng'wanone, mwanangu, sema.

Nikasema.

Hawakunielewa. Nikaomba simu yangu, nikaenda zizini, nikampiga picha nzagamba mbele ya wote, mbavu zake zote zikiwa nje. Nikavuta kitufe kulia. Akanenepa mkononi mwangu, watu wakiwa wamenizunguka wanachungulia. Nikavuta Futa Madoa. Chapa ikatoweka. Januarius akachukua simu, akakirudisha kitufe kushoto, nzagamba akakonda. Akakivuta kulia, akanenepa. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko uchunguzi ulivyohitaji.

Yule mama wa jirani akaanza kucheka, wengine wakafuata, na woga wote ukatoka uwanjani kama moshi. Kijana mmoja wa sungusungu akaomba nimpige yeye, nimwongeze kifua. Januarius akatoa hukumu: nimepoteza muda wa watu, nitatoa mbuzi, na baba hana kosa lolote. Akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili na kumwomba radhi.

Baba hakucheka. Alikwenda kwa nzagamba, akaweka kiganja juu ya ile chapa, akasimama hivyo. Kisha akaniuliza, "Ng'ombe wangu walikuwa na kasoro gani?"

Nilimwambia hawana. Akasema basi, akaingia ndani.

Hakutoka tena hadi nikaondoka.

Jumatano, 10 Septemba

Jenipha ameiondoa Nenepesha. Si kwenye programu tu, hata kwenye simu yangu. Alinyoosha mkono, nikampa simu, akafuta, akarudisha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikajaribu kuokoa kitu. Nikamwambia kosa halisi lilikuwa chapa kufutika, basi tutengeneze kifaa cha kuweka chapa. Mfugaji anachagua chapa anayotaka, anaigonga juu ya ng'ombe yeyote, mambo yamekwisha. Amefunga kompyuta yake, akasema anakwenda kunywa chai. Hakurudi mpaka mchana.

Nadhani hakulielewa wazo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Felisita. Nilisubiri amhudumie mzee mmoja aliyetaka dawa ya minyoo ya mbuzi. Nikajifanya nasoma chupa.

Alipomaliza alisema, "Baba hajalala siku mbili. Unajua alichoogopa? Kwamba mimi najua na nimemficha."

Nikasema nilitaka tu apendezwe.

Akasema baba yake ana ng'ombe tangu utoto, anajua mwezi wa tisa ng'ombe wanafananaje, na angependezwa na ng'ombe wa mwezi wa tisa. Kisha sauti ikapungua. Akasema mwenye aibu si yeye wala mzee Mayige, ni mzee Limbu, aliyekalishwa mbele ya majirani zake kwa sababu mtoto wake aliionea haya mali yake.

Hilo liliniingia. Nilitaka kutoka nikaketi mahali.

Akaomba kuona picha za mwanzo, zile ambazo sikuzigusa. Nilikuwa nazo. Alizipitisha moja moja. Kwenye ile ya nzagamba na yangeyange mgongoni alisimama. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hii. Akasema nimtumie hiyo, hivyohivyo ilivyo.

Nimemtumia. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye kuongeza mwanga. Nilikirudisha.

Jumapili, 14 Septemba

Mzee Mayige amekuja Zagayu mwenyewe.

Amekuja na goti lake, kwenye gari la kukodi, Dastan akimshika bega. Felisita alimwonyesha ile picha ya yangeyange, akaitazama, akasema huyu ndiye ng'ombe, nipelekeni. Lakini Felisita anasema hakuja kwa ajili ya ng'ombe. Alikuja kwa ajili ya baba yangu.

Walisalimiana kirefu, kama wazee wa kwetu wanavyosalimiana, nyumba, watoto, mvua, mifugo, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize. Kisha mzee Mayige akasema amemtumia sungusungu mtu mwema, na kwamba hana usingizi. Baba akasema hata yeye angeiona ile picha angewaita. Wakacheka, wote wawili, taratibu. Sijawahi kumwona baba akimsamehe mtu haraka hivyo. Nikapata matumaini.

Wakaingia zizini. Mzee Mayige akapitisha kiganja juu ya mgongo wa nzagamba, akahesabu mbavu kwa sauti na kusema mvua za kwanza zitamrudisha. Amewakubali wote. Mama akaleta ugali wa mtama na nyama ya mbuzi. Yule mbuzi wangu wa hukumu, sungusungu wamekubali aliwe hapa na wao wakiwemo.

Mimi nilikuwa nikihudumia maji ya kunawa. Nilipofika kwa baba akanawa bila kunitazama. Lakini jioni, wakimtoa nzagamba ili apigwe picha ya ukumbusho, alisema, "Shika kamba." Nikaishika. Ndiyo maneno mawili ya kwanza tangu Jumatatu. Nimeyabeba hadi Bariadi.

Picha amepiga Dastan kwa aifoni yake. Lazima niseme kweli, imetoka vizuri. Mzee Mayige katikati kwenye kiti, Felisita nyuma yake, mimi kushoto na kamba, nzagamba, halafu baba upande wa pili wa nzagamba, mbali, uso umefungwa.

Felisita ameiweka kwenye kundi la familia, akaandika tu: Zagayu.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi nimeitazama tena ile picha. Kila mtu yuko vizuri isipokuwa baba. Amesimama peke yake kama mtu aliyepita njia. Mtu akiiona picha hii baada ya miaka, atafikiri hatuelewani. Na tunaelewana. Jana ameniambia nishike kamba.

Jenipha yuko Maswa kuonyesha programu kwa wanunuzi. Ameacha kwenye kompyuta kifaa kipya anachokijaribu, kinaitwa Panga Upya. Hakinenepeshi mtu. Kinasogeza tu. Ni kitu tofauti kabisa.

Nimemsogeza baba karibu nami. Nzagamba alikuwa katikati yetu, hapakuwa na nafasi, nikamwondoa. Mkono uliokuwa na kamba ukabaki umekunja ngumi hewani, kwa hiyo nimeupeleka begani kwa baba. Umekaa pazuri. Kuna sehemu ya tabasamu pia. Nimempa kidogo, la heshima, lisilovuka mpaka. Nimejaribu kwenye simu zote mbili. Tumesimama wima kote.

Nimeituma kwenye kundi la familia na kuandika kwamba hii ndiyo picha rasmi, ile ya jana ifutwe.

Dastan ameweka alama ya macho mawili tu. Felisita ameandika jina langu lote, la kwanza na la ubatizo na la ukoo. Januarius, ambaye sikujua nani amemwingiza kwenye kundi, ameomba nimwongeze kifua kwenye picha yake.

Na sasa hivi mzee Mayige ameandika: "Nzagamba wangu yuko wapi?"

Nimemjibu awe na amani, ninaye hapa kwenye kompyuta.